Linux ipi kwa kompyuta kuukuu? Pima mashine kabla ya kuchoma mega

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Katikati zimebaki kompyuta chungu nzima ambazo skrini ni nzima, kibodi ni nzima, na kosa lake ni umri tu. Hapa Lubumbashi ndizo zinazochapa TFC (kazi za kumaliza masomo) za wanafunzi katika sekretaria (ofisi ndogo za kuchapa) za pembezoni mwa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ndizo zinazotunza hesabu za duka, ndizo ambazo mtoto wa sekondari anajifunzia kuandika. Mashine ya namna hiyo ukiiwekea Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows) inayoiendea inaweza kufanya kazi miaka mingine mitano bila shida.

Tatizo ni kwamba watu wengi huanza na swali la "Linux ipi ni nyepesi kuliko zote?" Wanapakua ile yenye faili dogo kabisa, wanaiweka, mashine inawaka haraka kweli, kisha wanafungua Facebook na kila kitu kinaganda. Hapo wanasema Linux haifai. Linux haina kosa. Kilichojaza kumbukumbu ni kivinjari, na kivinjari kina uzito uleule popote ukiweka. Kwa hiyo usianze na jina la distro (ndivyo tunavyoita kila mkusanyiko wa Linux uliokwisha kupangwa: Debian, Lubuntu, antiX na nyingine). Anza na mashine iliyo mbele yako.

## Mambo matatu ya kuangalia kwenye mashine

Kama Windows bado inawaka, bonyeza Windows+R, andika `msinfo32`. Utaona jina la prosesa na kiasi cha RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Kama haiwaki, washa kwa flashi yoyote ya Linux, fungua terminali na uandike:

`lscpu | head`
`free -h`
`lsblk`

Cha kwanza unachotafuta ni prosesa: ya biti 32 au biti 64? Kwenye `lscpu`, mstari wa "CPU op-mode(s)" ukitaja "32-bit, 64-bit", una biti 64. Ukitaja "32-bit" peke yake, ndiyo hivyo. Usikisie kwa sura ya mashine wala kwa Windows iliyomo, maana prosesa nyingi za biti 64 ziliwekewa Windows ya biti 32 toka dukani. Core 2 Duo zote ni biti 64. Core Duo, isiyo na hiyo "2", ni biti 32. Katika vile vilaptopu vidogo vya inchi 10, Atom N270 ni biti 32 na Atom N450 ni biti 64, ingawa kwa nje huwezi kuvitofautisha.

Jambo hili limekuwa zito kuliko zamani. Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Chrome iliacha biti 32 kwenye Linux mwaka 2016, na Firefox nayo imeacha kuanzia toleo la 145. Mashine ya biti 32 bado inaweza kuandika, kuchapa, kupiga muziki na kutunza hesabu, lakini usiinunue leo kwa kazi ya intaneti hata ukipewa kwa bei ya chini sana. Ukiwa nayo tayari, itumie kwa kazi zisizohitaji kivinjari.

Cha pili ni RAM, na hiki ndicho kinachoamua karibu kila kitu. Andika `sudo dmidecode -t memory` uone imewekwa kiasi gani, ni ya aina gani (DDR2, DDR3), na kama kuna nafasi tupu. Mstari wa "Maximum Capacity" unakuambia ubao unakubali hadi wapi. Mashine zenye chipseti ya Intel 945 zitakuonyesha GB 3 na kitu hata ukiziwekea GB 4. Si RAM mbovu, ni ukomo wa ubao wenyewe.

Cha tatu ni diski. Sakinisha `smartmontools`, kisha `sudo smartctl -a /dev/sda`. Tazama mistari miwili, "Reallocated_Sector_Ct" na "Current_Pending_Sector". Namba ya mwisho kwenye mistari hiyo inatakiwa kuwa 0. Ikiwa Pending ni 8, 40, 200, diski inakufa, na ukibadilisha distro mara kumi itaganda mara kumi. Ukisikia pia mlio wa ka-ka-ka unaorudiarudia, toa kwanza faili zako, mengine baadaye.

## Uzito uko wapi hasa

Linux iliyokaa kimya bila programu yoyote iliyofunguliwa hula RAM kidogo. antiX yenye IceWM huwa karibu na MB 200 (IceWM, LXQt, Xfce na Fluxbox ni aina za eneokazi, yaani menyu na madirisha unayoyaona). Debian au Lubuntu yenye LXQt huwa kati ya MB 400 na 600. Linux Mint ya Xfce hukaribia MB 800 au 900. Tofauti kati ya nyepesi sana na ya kawaida, basi, ni kama MB 600. Fungua Firefox na vichupo vitano, kimoja kikiwa Gmail na kingine YouTube, utaona GB nzima na zaidi imeondoka.

Kwenye mashine ya GB 1, hizo MB 600 ndizo uhai. Kwenye mashine ya GB 4 hazina maana kubwa, na ukichagua distro iliyokondeana utakuwa umejinyima menyu nzuri, mipangilio ya printa na lugha ya Kifaransa iliyokamilika, bila faida. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaiwekea GB 4 mfumo uliotengenezwa kwa GB 1.

## Kiasi cha RAM na distro inayofaa

Chini ya GB 1, weka antiX 23. Imejengwa juu ya Debian 12, ina toleo la biti 32 na la biti 64, na inakuja kwa ukubwa mbalimbali: "full" ina LibreOffice ndani, "base" haina. Kwa sekretaria chukua "full" ili usipakue tena. Ukiiwasha kutoka flashi, jina la mtumiaji ni `demo` na nenosiri ni `demo`. La root, yaani msimamizi wa mfumo, ni `root`. Sura yake si ya kuvutia, na mtu aliyezoea Windows atahitaji siku mbili tatu. Tiny Core ipo pia, faili lake ni kama MB 23, ila hiyo ni ya mtu anayejua anachofanya: karibu kila kitu unajijengea mwenyewe. Usimpe mteja.

GB 1 hadi 2: kwa biti 64, Debian yenye LXQt, au MX Linux ya Fluxbox. Kwa biti 32, MX-23 ya Fluxbox au antiX tena. Angalia namba hiyo vizuri: MX-23 ina biti 32, MX-25 haina. Hizi za biti 32 zote zimesimama juu ya Debian 12, ambayo itapata marekebisho ya usalama hadi mwisho wa Juni 2028. Baada ya hapo, mashine hizo zisiguse intaneti.

GB 2 hadi 4 ndipo penye mashine nyingi za okazioni (zilizokwisha kutumika), na ndipo penye chaguo gumu. Lubuntu inapendwa kwa sababu kisakinishi chake ni rahisi na LXQt yake imepangwa vizuri. Lakini Firefox ndani yake inakuja kama kifurushi cha snap, yaani programu iliyofungwa pamoja na vyote inavyohitaji. Kwenye diski ya kuzunguka, kuifungua mara ya kwanza baada ya kuwasha mashine kunachosha, na snap hujisasisha zenyewe nyuma ya pazia, kwa mega zako (data ya intaneti unayoilipia). Ukiamua Lubuntu, amri ya kwanza iwe:

`sudo snap refresh --hold`

kisha usasishe mwenyewe siku uliyonunua mega za kutosha. Kwa hali yetu ya kulipia kila mega, Debian 13 yenye LXQt au Xfce inafaa zaidi: Firefox yake ni ya ESR (toleo linalohudumiwa kwa muda mrefu), inakuja kwa njia ya kawaida, na hakuna kinachopakuliwa hadi useme.

GB 4 na kuendelea, kama mashine ni ya mtu asiyetaka kujifunza kompyuta bali kuandika tu, mpe Linux Mint ya Xfce. Mint wenyewe wanataja GB 2 kama kiwango cha chini na GB 4 kama kiwango cha raha, na hesabu hiyo ni ya kweli. Haitumii snap, menyu inafanana na ile anayoijua, na Kifaransa chake kimekamilika. Mama anayesimamia sekretaria hatakupigia simu kila asubuhi.

Puppy Linux tumeiacha makusudi hadi hapa. Ni nzuri sana kama flashi ya kuokolea: inajipakia yote ndani ya RAM, hivyo unaweza kutoa faili kutoka mashine iliyokufa diski. Lakini kwa kawaida mtumiaji wake ni root, na kazi zako zinakaa ndani ya faili moja la kuhifadhia. Umeme ukikatika wakati linaandikwa, unaweza kupoteza lote kwa pamoja. Katika mji wenye delestaji (umeme wa kukatwa kwa zamu) usiitumie kama mfumo wa kila siku.

Onyo moja kwa wenye Core 2 Duo: si kila distro ya biti 64 itakubali. RHEL 9 na openSUSE Leap 16 zinadai prosesa ya kiwango cha x86-64-v2, na Core 2 Duo hazikifikii. Debian na Ubuntu bado zinazipokea.

## Kabla ya kubadilisha distro, badilisha kipande

Kama una pesa ya kitu kimoja tu, kipi kwanza? Mashine yenye GB 2 au chini yake: RAM. Mashine yenye GB 4: SSD (diski isiyozunguka). Hakuna distro itakayokupa kasi ambayo SSD ya SATA inaipa laptopu ya mwaka 2010. Programu iliyokuwa ikikusubirisha inafunguka papo hapo, kwa sababu diski ya kuzunguka ilikuwa inahangaika kutafuta vipande vidogo vidogo vya faili, na hiyo ndiyo kazi isiyoiweza.

Kwa RAM, chukua kipande cha zamani mkononi uende nacho dukani. Mkato ulio katikati ya meno ya shaba hauko mahali pamoja kwa DDR2 na DDR3, kwa hiyo kisipoingia usikilazimishe. Kwenye laptopu soma pia herufi ya mwisho: DDR3L hufanya kazi kwa volti 1.35 na DDR3 kwa 1.5. Kipande cha DDR3L kwa kawaida huingia kwenye mashine ya DDR3 bila shida. Kinyume chake ni tatizo: laptopu inayotaka DDR3L, ukiipa DDR3 ya 1.5, haiwaki kabisa, na utadhani umeiua.

Kuweka ni hivi. Zima, chomoa chaja, toa betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Fungua kifuniko cha chini. Sukuma klipu mbili za pembeni kuelekea nje. Kipande kitajiinua chenyewe kama kifuniko cha sanduku. Kitoe. Kipya kiingize kikiwa kimeinama vilevile, sukuma hadi shaba isionekane karibu yote, ndipo ukilaze chini hadi klipu zilie tik. Ukikilaza kabla hakijaingia sawasawa, mashine itawasha taa na skrini itabaki nyeusi. Kosa hili linatokea mara nyingi kuliko RAM mbovu. Futa pia meno ya shaba kwa kifutio cha penseli kabla ya kuingiza.

Na ukiwa umeshafungua, toa vumbi. Kiangazi cha huku, Mei hadi Septemba, kinajaza feni vumbi jekundu hadi linakuwa kama kitambaa kati ya feni na mapezi ya kupozea. Prosesa ikipata joto inajipunguzia kasi yenyewe, na mwenyewe unalaumu mfumo. Sakinisha `lm-sensors`, andika `sensors`: ukiona nyuzi 90 na zaidi wakati mashine haifanyi lolote, kazi ya kwanza ni brashi na pasta mpya ya joto.

## Kupakua bila kupoteza mega

Faili la ISO (nakala nzima ya kisakinishi) la Debian netinst halifiki GB 1, lakini linahitaji intaneti wakati wa kusakinisha ili kuleta yaliyobaki. Lile la live lenye eneokazi tayari ni karibu GB 3. Kama unaweka mashine moja na muunganisho ni mzuri, chukua netinst. Kama ni mashine tano za shule, chukua kubwa mara moja, uzisakinishe zote kutoka flashi.

Pakua kwa `wget -c` ukifuatisha na anwani ya faili. Hiyo `-c` ndiyo inayoendeleza pale ilipokatikia. Ikiisha, kagua:

`sha256sum jina-la-faili.iso`

Linganisha namba ndefu inayotoka na ile iliyo kwenye ukurasa ulikopakulia. Zikitofautiana hata herufi moja, faili lina kasoro. Kisakinishi kinaweza kukufikisha asilimia 80 na kufa hapo, nawe umekwisha kufuta Windows.

Kuandika flashi, tumia Ventoy. Unaiweka mara moja kwenye flashi ya GB 16, kisha unanakili ISO ndani kama unavyonakili wimbo: antiX, Debian, Mint, zote pamoja, na ukiwasha unachagua. Kuiweka kunafuta flashi yote, kwa hiyo toa vitu vyako kwanza. Kwa mashine kongwe sana inayokataa Ventoy, rudi kwenye Rufus na uchague MBR.

Kitufe cha kuchagulia flashi wakati wa kuwasha: Dell, Lenovo na Toshiba ni F12, HP ni F9 au Esc, Asus ni Esc, Acer ni F12, ila mara nyingi lazima kwanza uingie F2 uiruhusu. Usipoiona flashi kwenye orodha ya BIOS ya zamani, fungua orodha ya "Hard Disk": BIOS nyingi za zamani huihesabu flashi kama diski, nawe uipandishe juu humo ndani.

## Ijaribu ikiwa bado kwenye flashi

Usisakinishe kabla ya kukaa nusu saa kwenye mfumo uliouwasha kutoka flashi. Jaribu wifi, sauti, mwanga wa skrini, kulaza mashine na kuiamsha, na printa. Skrini ikibaki nyeusi baada ya menyu, rudi, bonyeza `e` kwenye mstari wa kuwashia, ongeza `nomodeset` mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux`, kisha F10. Mara nyingi hilo linatokana na kadi za zamani za NVIDIA.

Kibodi ya AZERTY itakusumbua kwanza. Ukiandika `a` inatoka `q`. Fungua terminali:

`setxkbmap fr`

au `setxkbmap be` kama ni ya Ubelgiji. Ili kuiandika amri hiyo yenyewe, `a` utaipata kwenye kitufe cha Q na `m` kwenye kile kilichoandikwa koma.

Wifi isipoonekana, hasa kwenye kadi za Broadcom, usikate tamaa wala usitafute kebo. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, fungua "Partage de connexion" na uwashe ile ya USB. Linux inaiona simu kama kadi ya mtandao bila draiva yoyote. Kwa njia hiyo unaleta firmwea ya wifi (kwenye Debian ni `firmware-b43-installer` kwa Broadcom nyingi za zamani), unaanzisha upya, unachomoa simu.

## Kusakinisha

Nakili kwanza kila kitu kwenye diski ya nje. Kisha endesha `lsblk` uone ipi ni diski na ipi ni flashi kwa ukubwa wake. Ukiwasha kutoka USB, wakati mwingine flashi ndiyo inakuwa `/dev/sda` na diski inakuwa `/dev/sdb`. Kipakiaji cha GRUB (kinachouamsha mfumo) kikiandikwa kwenye flashi, mashine itawaka tu flashi ikiwa imechomekwa, na wengi huzunguka siku nzima bila kuelewa.

Lugha chagua Kifaransa kama mashine ni ya kazi za ofisini. Kwa saa, kisakinishi kitakupa Kinshasa na Lubumbashi: chagua Lubumbashi, maana Kinshasa iko saa moja nyuma. Mfumo wa faili uwe ext4. Usimsikilize anayekushauri ext2 "kwa sababu ni nyepesi": ext4 ina "journal", yaani daftari la mabadiliko, linalouokoa mfumo umeme unapokatika ghafla, na ext2 haina. Diski yenye nafasi: weka swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa) ya GB 2.

Debian ikikuonyesha orodha ya eneokazi, ondoa alama kwenye GNOME, weka LXQt au Xfce. Ukibonyeza tu kuendelea utapata GNOME, na GNOME kwenye GB 2 haiendi.

## Baada ya kuwasha mara ya kwanza

Kwenye mashine ya GB 2 au 3 yenye Debian, weka zram. Inakunja data ndani ya RAM yenyewe kabla ya kuipeleka kwenye diski, kwa hiyo kivinjari kinapumua.

`sudo apt-get install zram-tools`

Fungua `/etc/default/zramswap`, ondoa alama ya `#` kwenye mistari miwili na uache `ALGO=lz4` na `PERCENT=50`. Kisha `sudo systemctl restart zramswap`, na `zramctl` itakuonyesha kama inafanya kazi. Kuna wanaopendelea zstd. Inakunja zaidi, ila kwa Core 2 Duo na Atom lz4 inachosha prosesa kidogo.

Unapoweka mashine kadhaa, tumia `apt-get`, si `apt`. `apt` inafuta vifurushi ilivyopakua mara inapomaliza. `apt-get` inaviacha kwenye `/var/cache/apt/archives`. Nakili faili zote za `.deb` kutoka humo kwenye flashi, zipeleke kwenye folda hiyohiyo ya mashine ya pili yenye distro ileile na biti zilezile, kisha endesha amri zilezile. Mashine ya pili itapakua orodha tu.

YouTube ikikatakata, ongeza kwenye Firefox kiongezo cha h264ify. Kinailazimisha YouTube kutuma video ya H.264, ambayo mashine za zamani zinaiweza, badala ya VP9 na AV1. Baki kwenye 360p au 480p. Inakuokolea mega pia.

Kwa sekretaria, fonti ni jambo la kwanza, kabla hata ya printa. Mwanafunzi anakuja na TFC yake iliyoandikwa kwa Calibri, unaifungua, kurasa 62 zinakuwa 67 na jedwali la yaliyomo limeharibika. Weka hizi:

`sudo apt-get install fonts-liberation fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea libreoffice-l10n-fr hunspell-fr`

Liberation ina upana uleule wa Times New Roman na Arial, Carlito wa Calibri, Caladea wa Cambria. Mistari inakatika palepale ilipokatika kwenye Word.

Printa za HP nyingi zinakubali kwa `hplip`, lakini LaserJet P1102 inahitaji kijalizo cha ziada: endesha `hp-plugin -i` ukiwa na intaneti, la sivyo inapokea kazi na haitoi karatasi. Canon LBP2900 ni ngumu kwa sababu ya mfumo wake wa CAPT. Kama sekretaria inaitegemea hiyo, acha mashine moja na Windows isiyounganishwa intaneti kwa ajili yake, au tafuta printa nyingine. Hilo uliamue kabla ya kufuta, si baada.

## Umeme ukikatika

Betri ya laptopu hata ikibakiza dakika tano, iache ndani. Dakika hizo tano zinatosha kuzima vizuri. Kwenye LibreOffice nenda Outils, Options, Chargement/Enregistrement, Général, uweke uhifadhi wa kujiokoa kila dakika 3 badala ya 10.

Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, ukirudi andika:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt-get -f install`

Ukikatika vibaya zaidi, mashine haitafika kwenye eneokazi. Utaona skrini nyeusi, maneno "RUN fsck MANUALLY", na chini yake `(initramfs)` ikikusubiri. Wengi hapo hupeleka mashine kwa fundi ifutwe yote. Haina haja. Soma jina la patisheni lililotajwa juu yake, tuseme `/dev/sda1`, na uandike:

`fsck -y /dev/sda1`

Mara nyingi kibodi hapo imerudi QWERTY, ndiyo maana kwenye AZERTY amri inakataa. Kistari `-` bonyeza kitufe cha `)`. Mkwaju `/` uko kwenye kitufe cha `!` kilicho karibu na Shift ya kulia (kwenye AZERTY ya Ubelgiji ni kile cha `=`). Herufi `a` ni kitufe cha Q, na 1 ni kitufe cha `&` bila Shift. Ikimaliza andika `reboot`.

Na kompyuta ya mezani inayokaa bila umeme usiku ikiamka na tarehe ya mwaka 2009, betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao imekwisha. Usidharau hilo. Kwa tarehe hiyo kivinjari kitakataa kila tovuti kwa kisingizio cha cheti, na `apt-get` itasema faili la Release halijaanza kuwa halali. Mtu anabadilisha distro mara tatu akidhani ni intaneti. Badilisha betri, rekebisha saa kwenye BIOS, au kwa muda:

`sudo date -s "2025-11-03 09:30"`
`sudo hwclock -w`

Weka tarehe ya siku hiyo mahali pa hiyo ya mfano, kisha fungua tovuti yoyote. Ikifunguka, tatizo lilikuwa betri.